Chai ya Baridi Nyuma ya Pazia

Mwaisha, fundi cherehani wa Kichangani, alikuwa na siri moja tu duniani, na hiyo moja alikuwa akiinywa. Mengine yote mtaa uliyajua, maana aliyatangaza mwenyewe huku cherehani inakwenda: kwamba jirani yake Zawadi anakoroma mpaka huku anasikika, kwamba marehemu mumewe alimdanganya kuwa mjini kuna upepo, kwamba tangu ashushwe kutoka Mgeta kuja kuolewa hajalizoea joto la Morogoro na wala hana mpango huo.

"Mnaishi ndani ya sufuria," aliwaambia wateja, "halafu mnajiita watu wa mjini!"

Siri yenyewe ilikuwa chai ya barafu. Asubuhi, kabla jua halijachachamaa, aliinjika maji, akatia majani ya chai, kipande cha mdalasini na mchaichai aliouchuma nyuma ya nyumba. Ikichemka kidogo tu aliipua, kwa kuwa alishajua kwamba ukiiachia inakuwa chungu, na ikipoa ndiyo inazidi. Sukari aliitia ikiwa ingali ya moto, maana kwenye baridi haiyeyuki, inajikalia chini. Akaichuja, akaifunika, akaiacha ipoe kivulini, ndipo akaikamulia ndimu. Barafu aliipata kwa Zawadi mwenye friji, kwa kisingizio cha goti.

"Goti limevimba tena?"

"Acha tu, shoga yangu. Usiku sikulala."

Alirudi nayo akichechemea mpaka mlangoni, na akishaingia ndani goti linapona. Barafu anaifunga kwenye kitambaa, anaiponda kwa mchi, anaimwaga kwenye chupa ya chai, anaimiminia chai yake juu, anakaza kifuniko. Saa saba mchana, mtaa mzima umelala chali unahema, yeye anajificha nyuma ya pazia la chumbani, anapiga funda moja la baridi na kusema "Ahaa!" polepole asisikike.

Kwa nini ajifiche? Kwa sababu kwa watu wake chai ya baridi haina heshima. Ni chai iliyolala. Ukimpa mgeni umemwambia kwamba hukumtegemea, na sasa amekuja usingependa akae. Soda nayo ni ya wapita njia. Mgeni wa maana ni chai ya moto, inayotoa moshi, hata kama nje lami inanata kwenye kandambili. Na aliyeshikilia hilo kuliko wote ni kaka yake, Mwinjuma.

Huyo Mwinjuma anaishi Mgeta, analima kabichi, na kwake hata mchana wa Desemba mtu anavaa koti. Mwaisha ana binti mmoja, Yasmin, anayeuza duka la dawa mjini, na kwa Waluguru mtoto wa dada haolewi mpaka mjomba aseme ndiyo. Mjomba huyo alikuwa hasemi. Yusuph, mwalimu wa Dakawa, alikuwa ameshapeleka posa mara mbili, kila mara Desemba, kwa kuwa ndipo walimu wanapata likizo ndefu. Mara ya kwanza Mwinjuma aliteremka, akakaa, akanywa chai, akasema hawezi kutoa mtoto kwa watu waliochelewa kufika, akawahi lori la mboga likirudi milimani. Mara ya pili alisema mshenga ana sauti kubwa mno. Kubwa mno! Yasmin alilia siku nzima.

Safari hii ya tatu watu wa Dakawa walijipanga. Walifika asubuhi na mapema hata uwanja haujafagiwa. Mshenga wakambadilisha, wakamleta Mzee Abdulswamad, ambaye kumsikia inabidi uinamishe kichwa. Pamoja naye alikuja shangazi wa Yusuph, Bi Sabra, mama wa haki na mdomo, na huyo alikuwa amekwisha kutuma neno: wakirudi mikono mitupu tena, Yusuph watamtafutia mke hukohuko Dakawa, na Kichangani hawatakanyaga.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa imesuguliwa tangu jana yake ikasugulika, uwanja tu ndio uliobaki. Asubuhi hiyo Yasmin alisafisha vikombe, sinia, mpaka misumari ya ukutani. Chupa mbili za chai, ya wageni na ya Mwaisha, zilizofanana kama pacha, maua mekundu kwa maua mekundu, alizisugua zikang'aa zikiwa zimeshajazwa. Na ule uzi mweusi uliofungwa kwenye mkono wa moja, ambao Mwaisha aliuweka ili aitambue chupa yake ya barafu, Yasmin aliuona ni uchafu. Akaukata, akautupa.

Kufika saa nne jua lilikuwa limeshashika kazi, na umeme ukakatika. Feni ikasimama. Mwinjuma, aliyekuwa ameshateremka kutoka Mgeta, alikaa kwenye kochi na kanzu yake, na koti la sufu juu ya kanzu, na kofia, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu. Mwaisha akaweka sinia mezani, akapiga magoti, akasema, "Karibuni chai, jamani," akarudi mbio nyuma ya pazia alipo Yasmin, kwani mama mtu si wa kukaa pale kuzungumza. Bi Sabra akajichukulia kazi ya kumimina.

Nyuma ya pazia Mwaisha aliona anastahili funda moja. Jasho lilikuwa limemlowesha kanga. Akaifungua chupa yake, akamimina kikombe kikajaa, akakibugia chote kwa pupa, kama kawaida yake.

Mama yangu wee! Ilikuwa ya moto ya kunyonyolea kuku. Ulimi uliungua, kaakaa liliungua, macho yalimtoka, na kupiga kelele haiwezekani. Akabana kanga mdomoni akaruka kwa mguu mmoja, Yasmin akimtazama asielewe mama amepagawa na nini. Ndipo Mwaisha akaelewa ni chupa ipi iliyo sebuleni. Akachungulia.

Kaka yake alikuwa ndiyo kwanza anapiga funda la kwanza. Akaganda hapo hapo na kikombe mdomoni. Akatazama kikombe. Akatazama wageni. Kusema chai ni baridi ni kuitukana nyumba ya dada yake mbele ya wakwe. Basi akafanya jambo ambalo Mwaisha hatalisahau mpaka anaingia kaburini: akaipuliza. Chai ya barafu, Mwinjuma akaipuliza!

Bi Sabra naye akaonja. Nyusi zikapanda. Lakini mwenyeji anapuliza, mgeni atasemaje? Akapuliza. Mzee Abdulswamad akawaangalia wote wawili, akapuliza kwa adabu zake zote.

"Karibuni, karibuni," alisema Mwinjuma. "Mnywe kabla haijapoa."

"Imechemka," alisema Bi Sabra, akimtazama usoni.

"Inaunguza kidogo," alinong'ona Mzee Abdulswamad.

Wakaendelea hivyo, watu wazima watatu, wanapuliza na kunywa, wanapuliza na kunywa, na Mwaisha nyuma ya pazia hajui acheke au azimie. Pengine ingepita. Pengine wangeimaliza chupa nzima wakaagana vizuri. Lakini Mzee Abdulswamad aliinua kikombe, na kipande cha barafu kilichokuwa hakijayeyuka kikagonga ukingoni: ti!

Bi Sabra aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Basi," alisema. "Tumeelewa."

"Mmeelewa nini, dada yangu?" aliuliza Mwinjuma.

"Kaka, sisi si watoto. Mtu akipewa chai iliyolala, tena ikatiwa barafu isije ikapata hata uvuguvugu, ameambiwa asirudi. Mwaka ule tulichelewa. Mwaka jana tulipiga kelele. Mwaka huu hamkutaka hata kutuambia kwa mdomo. Mzee, inuka twende."

Mzee Abdulswamad alikuwa ameshashika mkongojo. Yasmin alimshika mama yake mkono, akaubana kwa nguvu, na vidole vyake vilikuwa vya baridi kuliko chai. Hapo Mwaisha hakufikiri tena habari ya mila wala mama mtu kukaa ndani. Akalisukuma pazia akatokea sebuleni, kanga begani, ulimi umevimba.

"Kaeni! Hiyo chai ni yangu!"

"Tunajua ni yako," alisema Bi Sabra. "Nyumba si yako?"

"Yangu ya kunywa! Mimi! Kila siku ya Mungu naitengeneza, na ndimu naikamulia, na mchaichai! Ya kwenu ya moto ile kule, nimeibugia imeniunguza, huu hapa ulimi!" Akautoa, wakauona. Kisha akanyakua kikombe cha mshenga, akakigugumia chote mpaka barafu, wasije wakadhani ni maneno. "Na goti langu halina ugonjwa wowote!"

"Goti?" alisema Bi Sabra.

Lakini macho ya wote yalikuwa kwa Mwinjuma, aliyekuwa anavua koti. Dada yake hajawahi kumwona bila koti tangu mama yao afe. Alilikunja, akaliweka kando, akavua na kofia, akanyoosha kikombe.

"Ongeza."

Mwaisha akaongeza. Kaka akanywa bila kupuliza, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu.

"Bi Sabra, kaa kitako. Posa nimeipokea. Mwambieni kijana ajiandae."

Bi Sabra alikaa ghafla. Mzee Abdulswamad alirudisha mkongojo ukutani, akakohoa, na kwa sauti yake ile ile akauliza swali ambalo wengine walikuwa wanaliogopa.

"Na kosa la mwaka jana, mzee mwenzangu?"

Mwinjuma alitazama chini, akajifuta shingo.

"Hapakuwa na kosa. Wala mwaka ule. Nilikuwa naungua, ndugu zangu. Koti la heshima nje, chai ya moto ndani, hewa hakuna. Nikajua nikisema ndiyo, tutaanza kuzungumza mahari, na wataniletea kikombe kingine."

Pazia lilivutwa kwa nguvu. Yasmin, ambaye siku hiyo hakutakiwa aonekane wala asikike, alisimama mlangoni machozi yanamtoka.

"Mjomba! Miaka miwili! Miaka miwili kwa ajili ya jasho?"

"Mwanangu, nilaumu, nimekosa," alisema Mwinjuma. "Lakini na mimi ningeweza kukaa kama ningepewa hii. Hebu muulize mama yako, miaka yote hiyo chupa hii ilikuwa wapi."

Yasmin akamgeukia mama yake. Bi Sabra naye akageuka, na Mzee Abdulswamad. Mwaisha akafungua mdomo, kwa mazoea, atoe jibu la kuwachekesha watu, akaona mtoto wake hacheki hata kidogo.

"Nyuma ya pazia," alisema. "Naimaliza peke yangu."