Bastola Nne za Mdogo Wangu

Mwanaume anayebeba bastola kwa kificho hachomekei shati. Hilo sikufundishwa shuleni, maana shule yangu iliishia darasa la tatu. Nilijifunza barabarani, kati ya Uvira na Bukavu, nilipokuwa dereva wa lori la maharage na mafuta ya mawese. Shati unaliacha nje, pana kidogo, la rangi nzito. Mpaka leo, hapa Mount Druitt, kitongoji cha ugenini nilikoletwa na ukimbizi, nikikaa stesheni kusubiri treni, macho yangu yanaanzia kwenye viuno vya watu ndipo yanapanda usoni. Ujinga mtupu. Hapa kitu ambacho watu wanaficha kiunoni ni kitambi.

Basi mdogo wangu, ambaye wakimbizi tulipogawanywa alipelekwa Texas, ananipigia video kila Jumapili asubuhi, ananiita Yaya, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu. Kwake ni Jumamosi jioni bado. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, ana mke na binti wa miaka minne. Na kwa miaka mitatu sijawahi kumwona amechomekea shati.

Bastola ya kwanza alinionyesha kama watu wanavyoonyesha mtoto mchanga, ameishika kwa mikono miwili. Kule inaruhusiwa, akasema, ni sheria. Baada ya miezi kama sita akaja na nyingine.

"Na ile?" nikauliza.

"Niliiuza, Yaya. Ilikuwa inanichoma mbavu nikiendesha gari."

"Si ungeuza gari?"

Akacheka. Ya pili nayo ikauzwa, kwa sababu joto la Texas ni kali, mtu anavaa shati jepesi, na chuma kile kilikuwa kinachora umbo lake mgongoni. Ya tatu ilikuwa ndogo lakini ikifyatuliwa inarusha mkono, hapigi anapolenga. Halafu ikaja ya nne, na siku ile alikuwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Hii ni nyembamba kama simu, Yaya. Naingia nayo kanisani. Naimba kwaya nayo, hakuna anayejua."

"Mungu anajua."

"Mungu ndiye aliyenipa kazi, nikapata pesa ya kuinunua."

Nikamwambia betri ya simu yangu inaisha. Haikuwa inaisha. Nilikuwa na hasira, nikatoka nje nikaenda kukata nyasi ambazo nilikuwa nimezikata Ijumaa. Jirani yangu, mzee mmoja mzungu ambaye hatuna lugha ya kuongea zaidi ya hali ya hewa, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia kuna joto. Ilikuwa Julai, huku ndiyo baridi kali, tunatoa moshi mdomoni.

Kilichonikera si zile bastola. Ni zile sababu. Mbavu, joto, mkono kuruka. Zote ni za kweli, naapa, kila mtu aliyebeba anazijua. Mtu anabadilisha kwa sababu ni nzito, anabadilisha kwa sababu ni nyepesi, anabadilisha kwa sababu rafiki yake kazini ana nzuri zaidi. Sijawahi kusikia hata mmoja akisema amebadilisha kwa sababu bastola yenyewe ilikuwa inamwogopesha.

Sasa, Jumatano moja mke wake akanipigia. Huyo kwa kawaida hapigi simu kwangu. Kwetu mke wa mdogo wako anakuheshimu kwa mbali, anakusalimia kupitia mume wake. Nikajua kuna jambo. Alikuwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, anaongea kwa kunong'ona ingawa hakuna mtu.

"Shemeki, nisamehe. Mtoto ameniletea bastola jikoni."

"Unasema nini?"

"Aliitoa kwenye mfuko wa koti la baba yake. Akaja nayo, ameishika hivi, akaniambia, mama, simu ya papa hii, naomba katuni."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekaa tayari, nikakaa tena.

"Nimeongea naye, hasikii. Anasema atatafuta nyingine nzuri zaidi. Nyingine! Shemeki, wewe ndiye ulimlea. Kwenu mkubwa akisema, imesemwa. Mwambie aitoe nyumbani kwangu. Asipoitoa naondoka na mtoto wangu, na sijui naenda wapi."

Hiyo ni kweli, ndiyo desturi yetu. Baba alikufa mapema, mdogo wangu nilimlea mimi. Hata kuoa aliniuliza mimi. Nikamwahidi mke wake kwamba Jumapili nitasema.

Nikaingia jikoni kumweleza mama watoto. Alikuwa ametoka kazini, ambako anafua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa amevua viatu, mguu wa kushoto juu ya stuli. Ule mguu unamwuma wakati wa baridi. Anachechemea tangu Uvira. Ukoo mzima unajua kwa nini, kanisa linajua, watoto wanajua: askari walimpiga risasi.

Akanisikiliza mpaka mwisho, hakuacha kusugua mguu. Kisha akasema, "Wewe unajua utakachomwambia."

Nikamkasirikia mno. Nikamwuliza ana maana gani. Hakujibu. Alikuwa na haki ya kutojibu, na hiyo ndiyo iliyozidi kunichoma.

Haya, niseme. Nimezeeka, sina wa kunifukuza.

Bosi wangu wa lori alinipa bastola ya kwanza kwa sababu ya majambazi wa njiani. Ilikuwa kubwa, ya kijeshi, inanichoma mbavu nikishika usukani. Mbavu zilezile! Siku moja kwenye kizuizi askari akakodolea macho shati langu lilivyovimba, nikaponea kwa sababu tu mvua ilinyesha ghafla, wote wakakimbilia kibandani. Nikaibadilisha nikapata ndogo, inakaa kwenye kiganja. Nilifurahi nayo kama mpumbavu. Nikafika nyumbani mchana, mama watoto amesimama ndani anapepeta mchele, binti yetu wa kwanza mgongoni. Nikamwambia, "Tafuta iko wapi. Hata wewe huwezi kujua." Nikajizungusha mbele yake kama bibi harusi. Akaniambia niache upuuzi. Nikaichomoa, nikatoa magazini yenye risasi ili aone ilivyo nyepesi. Nikadhani ukishatoa magazini umemaliza. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya mtutu, na kidole changu kilikuwa kwenye kifyatulio.

Mchele ulimwagika wote. Ule mlio sikuusikia, ila mchele niliusikia.

Majirani wakaja mbio. Wiki ile askari walikuwa wanapita wakifyatua ovyo, na kabla mtu hajaniuliza nikapiga kelele, "Askari! Wamepita kwa nyuma!" Mama watoto alikuwa chini, ameshika mguu, mtoto analia mgongoni. Akanitazama. Hakusema kitu. Tangu siku ile mpaka Jumatano ile, jikoni Mount Druitt, hakuwa amesema kitu.

Ile ndogo niliibadilisha wiki ileile. Watu wakauliza kwa nini, nikajibu kwamba risasi zake ni ngumu kupata. Ya tatu nilimwachia mdogo wangu nilipotangulia kuvuka ziwa kukimbilia Tanzania. Alikuwa kijana wa shule. Alikuta damu sakafuni siku ya mchele, akaapa hakuna askari atakayegusa mtu wa kwake tena.

Jumapili ikafika. Mama watoto alikuwa anapika sombe ya majani ya muhogo, ile ya kugandishwa tunayonunua Fairfield. Binti yetu alikuwa amekuja kula. Ndiye yule wa mgongoni, sasa anaendesha forklifti kwenye ghala. Simu ikalia, mdogo wangu akatokea, shati nje.

"Mudogo," nikasema, sikumsalimia, "mke wako ameniambia."

"Amekuambia nini tena? Wanawake wanakuza mambo."

"Mtoto aliibeba."

"Haikuwa na kitu, Yaya! Nilikuwa nimetoa magazini."

Sikio langu likaanza kulia. Kama siku ile ya mchele.

"Na iliyobaki ndani?"

"Ipi?"

"Ulitazama ndani ya mtutu?"

Akaanza kuongea haraka, kama mtu wa dukani. Kuna nyingine ameiona, nzito kidogo kwenye kifyatulio, mtoto hawezi kuivuta, rafiki yake wa kiwandani anayo, wiki ijayo anabadilisha, mambo yamekwisha.

"Hubadilishi," nikasema. "Unaitoa. Mkubwa wako nimesema."

Hapo akawaka. Sijawahi kumsikia hivyo.

"Wewe? Wewe uniambie mimi? Shemeki yangu alipigwa risasi ndani ya nyumba yako, na wewe ulikuwepo na bastola yako, na hukufanya kitu! Uliwaacha wakaondoka! Mimi siwezi kuwa kama wewe. Akija mtu kwangu, atanikuta tayari. Nikikumbuka ule mguu silali, unasikia? Kila bastola niliyonunua nimenunua kwa ajili ya ule mguu!"

Sombe ilikuwa inachemka. Mama watoto akapunguza moto. Hakugeuka.

Nitasema ukweli: nilitaka kukata simu. Nilitaka kumtukana, nimwambie hana adabu, nimalizie hapo, nibaki mkubwa. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini nilimwona yule mtoto akipita nyuma yake na mwanasesere, bila viatu.

"Hakukuwa na askari," nikasema.

"Nini?"

"Ni mimi. Nilikuwa namwonyesha shemeki yako ilivyo ndogo. Nilitoa magazini, kama wewe. Ni mimi niliyempiga."

Binti yangu aliweka sahani chini. Mdogo wangu akatikisa kichwa, tena akacheka kicheko kibaya.

"Yaya, acha. Unatunga ili nikutii. Mke wangu amekufundisha useme hivyo."

Yaani nimebeba ule uongo nusu ya maisha yangu, natoa ukweli siku moja, unakataliwa mlangoni!

Ndipo mama watoto akaja. Akafuta mikono, akavuta kiti mbele ya simu, akavua soksi, akapandisha mguu wake juu ya meza yetu ya chakula, mbele ya kamera.

"Shemeki, tazama vizuri. Hapa juu iliingia. Hapa chini ilitoka. Nilikuwa nimesimama ndani ya nyumba yangu. Huyo askari aliyepita kwa nyuma, alikuwa amekaa juu ya dari?"

Kule Texas nilisikia mtoto akiuliza kitu kwa Kiingereza. Kisha picha ikakatika. Alikata yeye.

Binti yangu aliniuliza, naye kwa Kiingereza chake, kama ni utani. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba si utani, na kwamba ale. Hakula. Alichukua funguo za gari, akaondoka. Mimi nikamgeukia mama watoto, nikataka kuomba msamaha, kitu kama hicho, maneno yamejipanga vibaya.

"Umechelewa," akasema. "Toa sahani."

Jumapili tatu simu haikulia. Nilikuwa na hasira mpaka nikamfokea dereva wa basi, mtu wa watu, alikuwa amechelewa dakika mbili. Nilimkasirikia mdogo wangu kwa kunikatia. Nilimkasirikia mama watoto kwa kunyamaza miaka yote ile, fikiria, nikamkasirikia yeye! Angesema siku ileile, sakafuni kwenye mchele, mdogo wangu asingekua na wale askari kichwani. Nikajisikia nikifikiri hivyo, nikaona kweli mimi ni mtu wa hovyo. Askari wale nilimwekea mimi, na akaanza kuwanunulia bastola.

Jumapili ya nne simu ikalia, ya mama watoto, si yangu. Kulikuwa na baridi. Mguu wake ulikuwa kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, na mimi nilikuwa nimepiga magoti chini na kitambaa, kazi ambayo nimeianza uzeeni. Akaiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta. Niliweza kuona kidogo kutoka pale chini.

"Shemeki," mdogo wangu akasema. "Mguu unauma wakati wa baridi?"

"Unauma."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza mimi. Ulimwuliza yeye."

Mtoto akamwita baba yake kutoka mbali, mdogo wangu akasimama kumjibu, na kioo chote kikajaa tumbo lake. Shati lilikuwa limechomekewa. Mkanda ulionekana wote, kutoka upande mpaka upande. Alizunguka kuchukua kitu mezani, mgongo nao ukaonekana, umenyooka, hauna kitu.

Akarudi kukaa. "Nimeiuza," akamwambia. "Sijanunua nyingine. Sijalala vizuri, lakini sijanunua."

"Mke wako?"

"Yupo. Anapika."

Nilitaka kusema jambo, nikainua kichwa. Mama watoto akanisukuma bega kwa goti, nisisimame.

"Kaka yako yuko hapa chini," akamwambia. "Ananikanda mguu."

Mdogo wangu hakuniita jina, hakuniita Yaya, hakunisalimia. Mpaka leo hajanisalimia.

"Aendelee kukanda," akasema.