Shuka la Kitanda cha Saba

Kwa miaka ishirini na mbili alifua mashuka ya hospitali, na kwa miaka hiyo yote watu walimwita Bi Povu. Mbele yake walidai ni kwa sababu ya sabuni. Waliomfahamu vizuri walijua kwamba sabuni ilikuwa na sehemu ndogo tu, na mdomo ndio uliokuwa na sehemu kubwa. Akikuambia uji wako una madonge, kesho yake mtaa mzima ulikuwa umekwisha pata habari za uji wako.

Lakini kazi aliijua, hilo hata wasiompenda hawakumnyima. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, kikiwa na mashine mbili za kunguruma, masinki manne ya saruji, na kidirisha ambacho wabebaji walipitishia mafurushi kutoka juu. Kila wodi ilifunga furushi lake kwa utepe wa rangi yake. Watoto walikuwa na buluu, upasuaji kijani. Utepe mwekundu ulikuwa wa chumba cha dharura cha wanawake, wale wanaoletwa mbiombio kwa mimba iliyoharibika, uchungu uliokwama, au damu isiyotaka kukoma. Bi Povu alikuwa akilifungua furushi hilo analisoma. Huyu amejifungua salama. Huyu mimba imetoka, pole yake. Huyu, Mungu amrehemu.

Damu inalowekwa kwenye maji baridi, alizoea kusema, kazini na kwenye bomba la mtaa, kwa aliyeuliza na kwa asiyeuliza. Maji ya moto yanaipika, inang'ang'ania humo humo. Tia chumvi kidogo, sugua kwa sabuni ya kipande, kuwa na subira. Shuka likitoka mikononi mwake, hakuna ambaye angejua lilikuwa limeshuhudia nini.

Korona ilipoingia, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe. Mashuka ya wodi mpya ya wagonjwa wa kifua yaliletwa katika mifuko iliyofungwa mara mbili, na walioyaleta walivaa kama watu wanaokwenda kurina asali. Mpiga pasi, mwenzake wa miaka tisa, alianza kukohoa Jumatatu. Jumapili alizikwa na watu sita waliosimama mbalimbali. Siku hiyo Bi Povu alivua nguo zake uani, akajimwagia ndoo nzima ya maji, kisha akaenda kusimama penye bomba, mahali ambapo wanawake walikuwa wamepanga madumu yao.

"Nisikilizeni mimi ninayefanya kazi mle ndani," alisema. "Hospitali sasa si pa kwenda. Ukiumwa kichwa, lala. Ukiumwa tumbo, lala. Anayeingia mle kwa miguu, anatoka kwa machela."

"Na mwenye mimba je?" aliuliza msusi, ambaye kibanda chake cha kusukia nywele kilitazamana na bomba. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Mwenye mimba ndiyo kabisa. Huyo ana roho mbili za kupoteza."

Walimwamini. Nani asingemwamini mtu anayezishika nguo za wagonjwa kwa mikono yake? Mdomo huponza kichwa, walisema wahenga, ila hawakusema kichwa cha nani.

Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo mke wa mwanawe, binti wa miaka ishirini na mmoja aliyeishi naye. Mumewe alikuwa dereva wa lori, naye alikwama ng'ambo tangu mipaka ifungwe. Binti alikuwa mpole, aliyezungumza na mama mkwe wake macho chini, na Bi Povu alimpenda sana, ingawa mapenzi yenyewe aliyaonyesha kwa kumsahihisha tangu kunakucha. Alimfundisha kufua. Kwake yeye hakukuwa na zawadi kubwa zaidi ya kumpa mtoto wa watu.

Mafurushi ya utepe mwekundu yakaanza kupungua. Zamani yalikuwa manane kwa siku. Yakawa matano, kisha mawili. Bi Povu alijisifu kimoyomoyo kwamba wanawake wamesikia. Alifikiri pia kwamba huenda, kwa vile watu wametulia majumbani, hata mimba zimetulia. Ndivyo mtu anavyofikiri akiwa hataki kufikiri. Jambo moja tu lilimsumbua: hayo mawili yalikuwa mazito, hata ikabidi ayaburute sakafuni.

Wiki hiyo hiyo, nyumbani, kamba ya uani nayo ilianza kujaa. Vilikuwa vitambaa vilivyochanwa kutoka kwenye mashuka chakavu ya hospitali, ambayo aliruhusiwa kuyachukua yakishazeeka. Jumatatu aliporudi kutoka kazini alikuta vinne. Jumatano vilikuwa saba. Alhamisi vilifika kumi na kimoja, vyeupe pe, vimenyooshwa sawasawa.

"Leo umefua nini vyote hivi?" alimuuliza binti.

"Vya kupangusia tu, mama."

"Umefua vizuri. Hata mimi ningeona wivu."

Binti alitabasamu, akaegemeza mkono ukutani kidogo, kisha akaingia ndani. Bi Povu aliuona ule mkono. Alidhani ni joto.

Ijumaa asubuhi sista wa chumba cha dharura alileta furushi mwenyewe kwenye kidirisha, kwa kuwa wabebaji wawili walikuwa wagonjwa. Walijuana tangu sista akiwa mwanafunzi, na walizoea kutaniana.

"Wenzetu siku hizi mnapumzika huko juu," Bi Povu alimwambia. "Mafurushi mawili tu."

Sista hakucheka. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa mekundu. "Hebu linyanyue hilo."

"Nimeshalinyanyua. Zito."

"Zamani wakija wanane, saba walitembea wenyewe. Sasa kati ya hao wanane wanakuja wawili, na wote wamebebwa. Hao sita wengine unadhani wamepona? Wako majumbani, Bi Povu. Wanavuja damu, wanafua, wanaanika, siku zinakwenda. Wanatuogopa sisi kuliko wanavyoogopa kufa. Sijui nani anayewatisha."

Wanafua, wanaanika. Bi Povu aliiona kamba ya uani mwake. Nyumba ya watu wawili inapangusa nini kwa vitambaa kumi na kimoja? Akauona na ule mkono ukutani. Aliacha bomba la sinki likimwaga maji, akatoka na buti zake za mpira, akakimbia kama hajawahi kufikisha miaka hamsini na minne.

Alimkuta binti ameketi chini, bafuni, mgongo ukutani. Mbele yake palikuwa na beseni la maji baridi na pakiti ya chumvi. Midomo yake haikuwa na rangi, na mwili ulikuwa wa moto.

"Siku ngapi?" Bi Povu aliuliza.

"Leo ya sita."

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Mitatu. Nilitaka ikitulia ndiyo nikuambie, mama."

"Na damu je? Kwa nini hukuniambia?"

Binti alimtazama usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Mama, si ulisema tusiende? Ulisema anayeingia kwa miguu anatoka kwa machela."

Alikuwa ameyahifadhi yote, neno kwa neno. Mama mkwe alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haikuwa na nafasi hiyo na yeye pia hakuwa nayo.

Magari yalikuwa yamezuiwa. Muuza maji aliyepita na mkokoteni wake aliteremsha madumu yote barabarani bila kuuliza swali, wakamlaza binti juu ya mbao, Bi Povu akisukuma kwa nyuma. Kila gurudumu lilipoingia shimoni binti aliguna. Walipofika nusu ya njia hakuguna tena, na hapo ndipo Bi Povu alipoanza kuomba kwa sauti.

Langoni mlinzi alimpima binti joto kwa kile kipimo cha kuelekezwa kwenye paji la uso. "Ana homa," alisema, akarudi nyuma hatua mbili. "Wenye homa wote kwenye hema, wapange foleni."

Hemani walikuwa watu kama arobaini, wanakohoa. Bi Povu aliyatazama mabenchi yale, mpiga pasi akamjia akilini. Kisha akalifunua shuka alilomfunika mkwewe, mlinzi aone mbao za mkokoteni.

"Mwanangu, hii siyo homa ya hema," alisema taratibu. "Mimi ndiye ninayefua mashuka ya humu. Damu ya namna hii naijua. Niitie sista."

Mlinzi alitazama, akaita.

Sista alikuja na machela mbio. "Kitanda cha saba," aliwaambia wenzake. Akamgeukia Bi Povu. "Wewe unaishia hapa. Wageni hawaruhusiwi, hata wewe. Usinitazame hivyo."

Mlango ukafungwa. Alishuka kwenye chumba chake, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kila kitanda cha chumba kile kilikuwa na mashuka matatu, na namba alikuwa ameziandika mwenyewe pembeni kwa wino usiofutika. Mgonjwa akiishi, mashuka hushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Mgonjwa akifa, shuka alilolalia huondoka naye, halirudi tena kufuliwa. Bi Povu hakuhitaji daktari wa kumweleza habari. Angezipata kidirishani.

Alasiri lilishuka la kwanza lenye namba saba. Lilikuwa zito, limelowa pande zote mbili. Alilitia kwenye maji baridi, akasugua. Maji yakawa mekundu, akayamwaga, yakawa mekundu tena. Mjukuu hakuwepo tena, hilo alilijua. Alichoomba sasa ni mama yake mtoto tu.

Jioni likashuka la pili. Doa lilikuwa la ukubwa wa sahani. Alilikunjua mara mbili kuhakikisha, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia. Usiku huo hakwenda nyumbani.

Asubuhi furushi la utepe mwekundu liliwahi. Alilifungua kwa meno. Namba nne. Namba tisa. Namba mbili. Akakung'uta, akahesabu upya, akatazama hata ndani ya foronya. Saba halikuwemo.

"La saba liko wapi?" alimuuliza mbebaji.

"Mimi nabeba tu, mama. Sijui kilichomo."

"Nenda kaniulizie."

"Siruhusiwi kuingia, nafungiwa mlangoni."

Saa mbili, saa tatu, saa nne. Bi Povu hakugusa mashine. Alisimama kidirishani na orodha yake ya mashuka mkononi, pale pa kitanda cha saba pakiwa wazi, na kalamu hakuthubutu kuigusa. Aliwaza atamwambia nini mwanawe kwenye simu. Aliwaza kwamba kwa yote aliyoyajua kuhusu damu, alichomfundisha yule binti ni jinsi ya kuificha tu.

Karibu na adhuhuri mbebaji alirudi na furushi dogo. "Sista kasema kuna mmoja alikuwa amelala fofofo, sista mwenyewe akakataza asiamshwe kutandikiwa. Ndiyo maana limechelewa."

Lilikuwa juu kabisa. Namba saba. Tone moja la damu, kavu, lisilozidi ukucha. Na karibu na mahali pa kichwa palikuwa na doa lingine, la kijivu, limegandamana. Bi Povu alilinusa, akaligusa kwa ulimi bila kujali maonyo yote ya ulimwengu.

Lilikuwa uji.

Hakulifua mara moja. Alilikumbatia kifuani akasimama nalo hivyo kwa muda, mpaka mbebaji akaona haya akaondoka zake.

Alipomaliza zamu alirudi mtaani kuchukua nguo za binti. Penye bomba hakukuwa na mtu. Kibanda cha msusi kilikuwa kimefungwa, na hakikuwahi kufungwa siku ya Jumamosi. Bi Povu alipita, kisha miguu ikasita. Nyuma ya kibanda, kwenye uzio wa mabati, ilikuwepo kamba. Taulo mbili, gauni moja, vitambaa tisa. Vyote vilikuwa vyeupe, vinachuruzika, vimefuliwa na mtu aliyefundishwa vizuri.

Aliivua barakoa ili sauti ifike, akagonga bati kwa kiganja.

"Hodi."

Sauti ilitoka chini, karibu na sakafu: "Nani?"

"Mimi Bi Povu. Nilikosea, mwanangu. Fungua twende."