Kumsindikiza Mgeni

Yule mama, mtafiti wa saikolojia, alitoka Butembo kila Alhamisi kuja kwetu Bungulu, hapa Beni. Alichunguza namna ubongo wa vijana unavyokua na namna woga unavyouumiza. Siku ya kwanza tantine, shangazi anayetulea, alimtania: "Donc unakuja kupima bongo. Mizani iko wapi?"

Mgeni akacheka. "Hapana mizani, mama. Bongo ya batoto kama hawa ni nyumba yenye haiyapata mabati. Mvua inaingia mbio."

Alikuja kwa ajili ya mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na mitatu. Mama yetu aliuawa shambani, akiwa na mdogo wangu tu. Tangu siku ile mdogo wangu hakusema neno. Mgeni alipomuuliza mezani, alitazama vidole vyake. Mimi nilikaa pembeni. Nami si msemaji.

Lakini kwetu mgeni haachwi kwenda peke yake. Tantine alitutuma tumsindikize hadi penye pikipiki za abiria. Mgeni na mdogo wangu walitangulia, bega kwa bega, bila kutazamana. Mimi nilifuata na mfuko wa maharage aliopewa. Hapo nikasikia sauti ya mdogo wangu, nyembamba, yenye mikwaruzo:

"Mama alisema nikimbie, nisigeuke. Sikugeuka."

Mgeni hakusimama. Alipunguza mwendo tu.

Kuanzia hapo hakumuuliza tena mezani. Alikunywa chai, akaaga mapema, akachagua njia ndefu. Njiani maneno yaliongezeka kidogo kidogo. Nyumbani mdogo wangu bado alinyamaza, ila alianza kumaliza ugali wake.

Kisha kazi ya utafiti ikaisha. Siku ya mwisho, penye pikipiki, mdogo wangu alishika kitenge cha mgeni. Kwetu, aliyesindikizwa huweza kugeuka naye, akamrudisha mwenyeji wake hatua chache.

"Na weye, utanirudisha?"

Mgeni alimtazama dereva, akatazama jua. Barabara ya Butembo si ya kuchelewa.

"Leo hapana, mwanangu. Njia ni mubaya." Macho yalimjaa machozi. Akapanda.

Mdogo wangu alirudi mbele yangu. Hakugeuka. Hajasema tena.

Sasa kila Alhamisi ninamchukua mimi hadi penye pikipiki, kisha tunarudi. Natembea kando yake bila kumtazama, kama nilivyomwona mgeni akifanya. Wiki iliyopita nilijikaza.

"Mimi pia namukumbuka mama," nikamwambia.

Hakusimama. Alipunguza mwendo tu.