Mpwa Wangu wa Damu Ameushtaki Moto Wangu kwa Mwenyekiti

Admin, nifichie jina, ingawa kwa Tabora hii ni kazi bure, maana hakuna mtu mzima asiyenijua. Mimi ni mwanaume wa miaka 54, naishi Cheyo, shule niliishia darasa la sita kwa sababu walimu walishaishiwa cha kunifundisha. Dereva wa treni akitoka Igalula akauona moshi wa uani kwangu, anajua mji umefika.

Moto huo ndio shikome, moto wa jioni ambao sisi wanaume wa Kinyamwezi tunauzunguka, tunachoma mihogo, tunazungumza. Pale nimesuluhisha ndoa za watu. Pale nimesimulia nilivyomkimbiza simba kwa kandambili.

Sasa nyumba ya jirani amehamia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni. Mwanawe ana pumu. Juzi akaja, akasimama mlangoni, kukaa hataki.

"Shikamoo mjomba. Huo moto leo unauzima au nimwite mwenyekiti?"

"Marahaba. Mwite! Mwambie aje na chumvi, mihogo imeiva."

Jamani, akamwita kweli. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye mihogo yangu ndiyo imemnenepesha, akatusomea masharti huku anatafuna: moto wa uani ukae mbali na ukuta wa jirani, usichome plastiki, uzimwe kwa maji, na moshi ukimuumiza jirani basi hakuna kuwasha. Uani kwangu mtu akipiga chafya, jirani ndiye anayemwombea afya. Huo umbali niutoe wapi?

"Mjomba," mpwa wangu akasema, machozi yanamlenga, "jana mwanangu alishindwa kupumua mpaka midomo ikabadilika rangi. Nakuita ukutani, wewe uko na simba wako."

Nikamwaga maji. Wenzangu wananicheka: "Mzee mzima umetawaliwa na mpwa! Washa bwana." Na msiniambie habari za jiko la mkaa, hatuwezi kulizunguka kama tunasubiri chapati.

Nikiwasha, kile kifua cha mjukuu wangu nakisikia. Nisipowasha, shikome la marehemu baba linafia mikononi mwangu. Ndugu zangu mlioko humu, ningekuwa mzazi wenu mngeniambia nishike lipi?

Ila msichelewe kujibu. Jana jioni hakuja mtu hata mmoja, wote wamehamia kwenye kibanda cha mpira, na mke wangu alinikuta uani nawasimulia kuku. Na wenyewe walikuwa wanaingia bandani.