Waya Aliouchunga Mama

Kwetu kwenye milima ya Masisi, vita vikikaribia, hatufichi kitu kizima. Pikipiki tunaitoa gurudumu, mashine ya kushona tunaitoa kichwa, kila kipande na mtu wake. Mwizi akipata nusu, hajapata kitu. Ni ujanja mzuri, mpaka nusu ibaki kwako mwenyewe.

Mimi nilikuwa na printa ya zamani, nzito, yenye waya mmoja wa kuiunganisha na laptop. Kwa printa hiyo nilichapa mitihani ya shule, barua za kanisa, na picha za marehemu wa kijiji kizima, zile zinazowekwa kwenye kiti siku za kilio. Siku ya kukimbia nikaigawa kama kawaida yetu: printa na laptop nikabeba mimi, waya nikampa mama autie katika furushi lake la maharage. Njiani risasi zikatugawa na sisi. Mama na mdogo wake wakashuka upande wa Sake. Mimi niliishia Mubi, huku msituni.

Baada ya miezi kadhaa nilipigiwa simu: mama amefia kambini, na wameshamzika.

Kilio nilikifanyia Mubi, kwenye nyumba ya kupanga, bila maiti wala kaburi. Nilitaka kitu kimoja tu, picha yake kwenye kiti, kama nilivyowachapia wengine. Picha ilikuwa ndani ya laptop: mama yuko shambani, amekunja uso kwa jua. Karatasi ninayo, wino ninao. Duka la pekee lililokuwa likichapa lilikuwa limefungwa, mwenyewe kakimbia. Na katika waya zote za simu zinazouzwa Mubi, hakuna hata mmoja wenye kichwa cha mraba kama ule wangu.

Nikamwendea papa mmoja, mzee anayetengeneza simu karibu na maegesho ya malori.

“Dada, siku hizi batu banachapa bila kable,” aliniambia. “Kwa hewa tu. Kesho nitakuya.”

Usiku ule nililala usingizi, jambo nililokuwa nimelisahau. Kesho yake akaja na kiboksi cheupe chenye antena, akakiwasha kwa betri ya sola. Laptop ikakiona papo hapo, nikapiga makofi. Kisha akaigeuza printa, akachungulia tundu la waya nyuma yake, akakiweka kiboksi chini.

“Nini, papa?”

“Haka ka-appareil kanaongea na laptop yako kwa hewa. Lakini kuingia mu emprimante, mu hii printa yako, kanaomba kable. Ile ile kable.”

“Si ulisema bila kable?”

“Ile ni ya zile mupya, dada. Hii yako iko muzee. Hata kuachana na kable, inaomba kable kwanza.”

Nilimfukuza, Mungu anisamehe. Kisha nikaipiga printa teke, kidole kikavimba, nikalia kwa kidole kile zaidi kuliko nilivyokuwa nimelia tangu simu ile.

Siku ya kilio niliweka laptop yenyewe kwenye kiti. Kila baada ya dakika chache kioo kilizima, nami nikanyanyuka katikati ya wimbo kugusa kitufe ili mama arudi. Mwishowe betri ikaisha. Mama mmoja wa kwaya akaitoa laptop taratibu, akakaa kwenye kile kiti, kwa kuwa viti vilikuwa vichache.

Mama mdogo alifika Mubi baadaye sana, amepanda juu ya lori, amekonda. Hakuwa na mzigo. Alifungua fundo la kitenge chake, akanipa waya, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kipande cha nguo.

“Tuliuzisha sufuria, tukauzisha blanketi,” alisema. “Ile kable mama yako alikatala. Alisema, mutoto wangu ataniuliza.”

Nikakumbuka tulivyoachana pale njia panda, watu wakikimbia, yeye na furushi kichwani. Sikumwambia Mungu amchunge. Nilimpigia kelele:

“Mama, uchunge kable!”