Sufuria ya Kiume

Juzi nilikuta mjukuu wangu anayejifunza Kijerumani amebandika karatasi kwenye sufuria: der Topf. Nikasikia tena harufu ya moshi wa maganda ya korosho, kule Mahurunga nilikokulia.

Sista Mjerumani wa zahanati alinifundisha kwamba der ni ya vitu vya kiume, die vya kike, das ya visivyo na upande. Niliapa sitakosea hata kimoja. Kwetu wanaume walikula barazani, wanawake uani. Basi alasiri ile, watu wazima waliporudi kutoka shamba la ujamaa, nilikuwa nimeshagawa vyombo. Bakuli na vikombe niliviacha uani. Vijiko, sahani na sufuria nilivipeleka barazani kwa baba. Kisu nikakilaza mlangoni.

Mama alitokea na ungo wa unga wa muhogo.

“Sufuria yangu nani kaipeleka kwa wanaume?”

“Nayo ni mwanamume, mama,” nilijibu, nimekaza shingo.

Mama akautua ungo miguuni pa baba.

“Basi asonge mwanamume mwenzake.”

Baba alicheka hadi akakohoa, kisha akaibeba sufuria hadi jikoni, akasonga. Ugali ulijaa mabonge.

Baadaye nilikosea maneno mengi ya Kijerumani. Der Topf, kamwe.