Kompyuta Iliyogonga Nyumbani Tu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema kwamba ufufuo wa wafu ukifanyika nje ya ua wa parsele yetu, nitaomba kuhudhuria kwa vidio. Kwa hiyo kampuni ya malori iliponiruhusu kufuatilia mizigo yake nikiwa sebuleni mwangu, mtaani Kasulo, katika nyumba aliyoniachia baba, niliona masomo yangu ya sekondari hayakupotea bure. Kila asubuhi saa tatu nilivaa shati la pasi juu na kaptula chini, nikamweleza mkuu wangu, mama mmoja mkali aliyeko Lubumbashi, malori yapi yamepita mji wa Tenke na yapi yamekwama.

Shida ilikuwa picha. Kila nilipofungua orodha ya malori iliganda, mdomo wangu wazi kama samaki wa friji. Kisha kompyuta yenyewe ikaanza kugonga: ngo, ngo, kimya, ngo. Mkuu alinipa mpaka Ijumaa.

"Tata, ikikatika tena, unakuja kukaa ofisini huku. Kiti kiko."

Kuiacha nyumba ya baba, nikakae na watu kutwa. Nilikosa hamu ya kula, jambo ambalo si kawaida yangu. Bahati nzuri jioni ile jirani alituletea samaki wa kukaanga. Alikuwa amepanga nyumba ya mkono wa kushoto miezi miwili hivi, akazungushia ua wote turubai jipya, na redio yake haikuzimwa kutwa. Nilimsifu kwa ukarimu. Mke wangu hakumsifu.

"Mutu hana bibi, hana batoto, anatuletea samaki juu ya nini?"

"Wewe hata malaika ungemuomba kitambulisho," nikamwambia, nikachukua kichwa cha samaki.

Alhamisi niliipeleka kompyuta mjini kwa fundi. Aliifungua, akamtoa mende mmoja mnene, akanionyesha bareti ya memwari, ile kadi ndogo inayoisaidia mashine kushika mambo mengi kwa mara moja.

"Tata, iko moja tu, tena kadogo. Unaipatia vidio, sauti na orodha pamoja. Hata we, bakikwambia uimbe, ukule na uhesabu, si utaganda?"

"Kwa kula, mi siwezi kuganda."

Akacheka, akachomeka bareti ya pili, akapuliza vumbi kwenye feni. Tukajaribu kumpigia mke wangu kwa vidio. Picha ikaenda bila kusita. Nikaziona hata mvi zangu.

"Na ile kugonga?" nikauliza.

"Kugonga gani? Inawaka hapa saa nzima. We unasikia kitu?"

Nilisikiliza. Hakukuwa na kitu.

"Nyumbani inagonga."

"Labda inakuogopa."

Ijumaa saa tatu nilikuwa mezani. Nikafungua orodha, nikaeleza malori yote hadi la mwisho, picha haikutikisika.

"Leo nakuona muzuri, tata, hata kalenda ya nyuma," alisema mkuu. Nikajivuna. "Lakini kuna mutu anagonga."

"Ni feni, mama."

"Na ule ufa? Juma lililopita nilizani ni mustari kwenye kioo changu. Ulikuwa mufupi."

Niligeuka. Ufa ulianzia darini, ukapita nyuma ya kalenda, ukatokea chini yake mpaka sakafuni. Nilikuwa nimeupa mgongo siku zote hizo.

Tulipoagana nilizima kompyuta, nikachomoa na waya. Kioo kikawa cheusi.

Ngo, ngo, kimya, ngo.

Mke wangu alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Hakunitania, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisogeza meza, nikalala kifudifudi na shati langu la pasi, nikaweka sikio kwenye saruji. Huko chini, wala si mbali, mtu alikohoa, na mwingine akamnyamazisha.

Sisi wa Kasulo hatuhitaji kuelezwa. Watu hapa walichimba kobalti, yale madini ya betri, vyumbani mwao: shimo chini ya zulia, kisha njia ya kwenda pembeni, chini ya nyumba za majirani, na huko chini hakuna ua. Nami nisiyetoka nyumbani, ndimi niliyekaa juu yao nikilaumu feni.

Nikaiwasha tena mashine, nikampigia mkuu.

"Mama, kile kiti bado kiko?"

"Kiko."

Mke wangu alikuwa ameshaanza kufunga magodoro.

Tulikuwa tunatoa meza nje jirani alipofika na sahani yake ya samaki, udongo mwekundu kwenye nyusi.

"Munahama, tata?" aliuliza kwa upole. Hakuonekana kushangaa. Macho yake yalinipita, yakaingia mlangoni, yakatua sakafuni. "Basi ufunguo mutaniachia mi."